Je, Uso wa Mtu ni Mali ya Msafiri?

Mezani pa mhariri hufika barua za kila namna. Nyingi zauliza mambo ambayo majibu yake yapatikana katika katekisimu, na hizo hatukawii kuzijibu. Lakini mara mojamoja hufika barua ya namna nyingine, ambayo humlazimisha mhariri ajichungulie yeye mwenyewe kabla ya kumjibu mwenzake. Barua ya namna hiyo tuliipata kutoka Chumbi, wilayani Rufiji. Aliyeiandika ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa upande wa Mbeya, ambaye kazi imempeleka kuishi na kufundisha huko jirani na delta. Tulimwomba ruhusa tuitumie barua yake katika ukurasa huu, naye akatupa, kwa sharti tusimtaje jina. Twamshukuru, na sharti lake twalitimiza.

Mwalimu huyo aeleza ya kuwa, likizo ya mwisho wa mwaka 2024 ilipowadia, alipanda basi kupitia Kibiti hadi Dar es Salaam, na huko akaingia gari moshi la TAZARA kwenda kwao kuwaona wazazi. Alikuwa amenunua simu yenye kamera nzuri, akajiwekea nia ya kupiga picha stesheni na mandhari za njia nzima, apate kuwaonyesha wanafunzi wake, ambao wengi wao hawajapata kuona reli kwa macho yao. Nia njema kabisa! Watoto wa Rufiji waujua mtumbwi, waijua mikoko, walijua shamba la mpunga. Reli haipiti kwao. Basi kabla ya giza kuingia akapiga picha twiga na tembo, kwa maana reli hiyo yapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kulipopambazuka akapiga picha stesheni ya Mlimba, na migongo ya milima ya Udzungwa iliyovaa mawingu, na midomo ya mahandaki kati ya Mlimba na Makambako, na daraja refu la mto Mpanga.

Katika stesheni moja ndogo, ambayo hakuitaja nasi hatukumwuliza, aliona bibi mmoja ameketi chini ya mti na beseni la ndizi. Wauzaji wengine walikuwa wakikimbilia madirisha na kupaza sauti, lakini bibi huyo alikuwa ametulia, na jua la asubuhi lilikuwa likimwangaza usoni. Mwalimu akainua simu, akapiga. Papo hapo bibi akamwona, akajivuta kanga usoni, akasema kwa sauti iliyofika dirishani: "Mjukuu wangu, mimi umeniuliza?" Naye alipotaka kujibu, gari likaondoka.

"Katika picha zaidi ya mia tatu," aandika mwalimu, "hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu niliipata kabla kanga haijamfunika. Niliporudi Chumbi niliwaonyesha wanafunzi wangu. Mtoto mmoja akauliza, 'Mwalimu, bibi huyu aitwa nani?' Nikakosa la kusema."

Huenda barua hii ingaliishia hapo, na sisi tungalimjibu kwa maneno machache ya kumtuliza. Lakini kulikuwa na ukurasa wa pili. Katika ukurasa huo mwalimu aeleza habari za Aprili 2024, wakati mto Rufiji ulipofurika na maji yakaingia katika nyumba na mashamba ya watu wengi wa Rufiji na Kibiti. Siku moja alikuwa akivuka maji yaliyomfika kiunoni, godoro lake kichwani, na suruali ameikunja begani. Mpita njia mmoja akampiga picha, akaenda zake. Baada ya siku tatu picha ile ikamrudia katika simu yake mwenyewe, imetumwa na rafiki aliye mbali, na chini yake yameandikwa maneno ya mzaha yasiyokuwa na kweli wala staha. "Padre," amalizia, "mimi ndiye niliyepigwa picha mwezi wa Aprili, na mimi ndiye niliyempiga picha bibi mwezi wa Desemba. Je, nimekosa? Na kama nimekosa, nifanyeje, maana jina lake silijui?"

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mwalimu huyu mvua ilikuwa imemnyea, na bado alisahau. Hatusemi hivyo ili kumlaumu. Twasema kwa kuwa sisi sote ndivyo tulivyo, na ndiyo sababu swali lake si lake peke yake. Siku hizi kila abiria ana kamera mfukoni. Swali ambalo zamani lilimhusu mwandishi wa habari na mgeni wa kutoka Ulaya, leo lamhusu baba anayesafiri na wanawe, mwanafunzi anayerudi shuleni, na hata padre anayekwenda mafungoni.

Kwanza kabisa twataka kuondoa hofu isiyo na msingi. Kamera si chombo cha shetani, na kupiga picha safarini si dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulivisifu vyombo hivyo kuwa vyaweza kumfaa sana binadamu, ukataka vitumiwe kwa kufuata kanuni za maadili. Na kama kuna njia inayostahili kupigwa picha, basi ni hiyo Reli ya Uhuru. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, mwendo wa kilometa 1,860, ili shaba ya Zambia isilazimike kupita katika nchi zilizotawaliwa na walowezi. Maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi bega kwa bega na Wachina. Baadhi ya Wachina waliofariki wakati wa kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Mtu apitaye juu ya madaraja yale bila kuyatazama ana deni la shukrani asilolilipa. Kwa hiyo mwalimu alipotaka watoto wa Chumbi waione kazi hiyo, alitenda kama mwalimu apasavyo kutenda.

Tena yafaa kukumbuka jambo moja la historia. Wakati wa vita vya ukombozi kusini mwa Afrika, msafiri wa reli hiyo hakuwa huru kuelekeza kamera yake popote alipotaka. Ilikuwapo sababu. Mwezi wa Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua madaraja ya mto Chambeshi upande wa Zambia, na njia ikakatika. Daraja lilikuwa na maadui, na picha yake yaweza kuwa silaha mikononi mwa adui. Mpaka leo, kwa Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, mahali palipotangazwa kuwa pa ulinzi hapapigwi picha bila ruhusa, na mwananchi mwema hutii.

Sasa tujiulize. Twaona ni sawa kabisa msafiri aombe ruhusa kabla ya kupiga picha daraja la chuma, kwa kuwa picha hiyo yaweza kulidhuru. Je, bibi aliyeketi chini ya mti na beseni la ndizi hawezi kudhuriwa? Au chuma kina thamani kupita uso wa mtu? Daraja likibomolewa hujengwa jingine. Heshima ya mtu ikibomolewa, fundi wa kuijenga upya ni shida kumpata.

Hapo twafikia kiini cha jambo. Mwalimu alisema alitaka kupiga picha "mandhari". Neno hilo lina hatari ndogo iliyojificha ndani yake. Mandhari ni kitu kilichoko kwa ajili ya kutazamwa. Mlima haujali ukitazamwa, na wingu halioni haya. Msafiri aliyekaa dirishani kutwa nzima akitazama milima, mito na misitu, jicho lake huzoea, na bila ya kukusudia huanza kuwatazama hata watu kana kwamba nao ni sehemu ya milima ile. Mwuza ndizi huwa kama mti wenye rangi nzuri. Mtoto anayekimbia kando ya reli huwa kama ndege. Kisha gari laondoka, na msafiri hubaki na picha bila deni lolote, kwa kuwa hakuna mtu aliyemsalimu.

Lakini mandhari ya mmoja ni mlango wa nyumba ya mwingine. Mwalimu wetu alipopita juu ya daraja la Mpanga, lililo na kimo cha kama mita 50, alipiga picha maji yaliyokuwa yakimeta chini bondeni. Maji yale yalikuwa yakienda wapi? Mpanga huingia Kilombero. Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji huzaliwa. Na Rufiji hushuka mpaka nchi ya Chumbi na delta, na kumwaga maji yake baharini. Maji aliyoyaona kuwa ni mapambo ya safari ni ndugu wa maji yaliyoingia chumbani mwake mwezi wa Aprili. Basi kama mto mmoja waweza kuwa uzuri mahali hapa na msiba mahali pale, sembuse uso wa binadamu, ambao nyuma yake kuna historia nzima isiyoonekana dirishani!

Kosa hili si jipya, wala halikuletwa na simu. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi kufika ziwa Viktoria mwaka 1901, wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao wakafariki. Kazi hiyo ilipigwa picha nyingi, na baadhi yake twaziona hadi leo katika vitabu. Mara nyingi daraja lina jina, stesheni ina jina, mhandisi ana jina. Wale waliobeba vyuma mabegani mwao huitwa "vibarua", basi. Na katika kadi za posta zilizouzwa zamani za wakoloni, mwanamke wa Kiafrika aliandikwa jina la kabila lake tu, kana kwamba hakubatizwa, wala hakupewa jina na bibi yake siku alipozaliwa. Sisi tuliyaona hayo kuwa ni dharau, na tulikuwa na haki. Je, itakuwa si dharau tena kwa sababu leo anayeshika kamera ni Mwafrika?

Katika seminari tulifundishwa kwamba ili kulipima tendo yatupasa kutazama mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na mazingira yake. Hebu tulipime tendo la mwalimu kwa mizani hiyo.

Nia yake ilikuwa njema, tumekwisha kusema. Mazingira yake yalikuwa ya haraka, kwani gari moshi halimngoji mtu amalize kusalimiana. Haraka hupunguza lawama. Hakuna padre atakayemwambia mwalimu kwamba kuinua simu kwa sekunde moja kulimtenga na Mungu. Lakini tendo lenyewe? Hapa twaona kwamba tendo halikuwa moja, bali mawili. La kwanza ni kupiga ile picha, nalo lilichukua muda wa kupepesa jicho. La pili ni kuiweka na kuionyesha, baada ya bibi kusema neno lake. Na hilo la pili halikuwa la haraka. Lilidumu siku nyingi, toka stesheni ile hata Mbeya, toka Mbeya hata Chumbi. Bibi alikuwa amejibu kwa kanga yake na kwa kinywa chake. Mwalimu alilisikia jibu, na bado akaitunza picha, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Basi ndugu mwalimu, sisi twaona kwamba kosa lako, kama ni la kupimwa, halikukaa dirishani; limekaa mfukoni mwako. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Uso wa bibi yule ni wake, na alikwambia hivyo kwa adabu kubwa, akikuita mjukuu.

Tungependa kuishia hapo na kuonekana kuwa sisi ni wenye hekima. Lakini tulisema barua hii ilitulazimisha kujichungulia, na sharti tuseme tulichokiona.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi wenyewe tulikuwa safarini kwa gari moshi. Katika stesheni moja tulimpiga picha mtoto wa kiume wa kama miaka tisa, ameinua sahani ya ndizi kuelekea dirishani, miguu mitupu, shati limechanika begani. Tuliporudi tukaandika makala juu ya umaskini wa watoto, makala ambayo twaamini hata leo kwamba yalikuwa ya kweli. Tukaweka picha ile juu yake, na chini tukaandika maneno ya kusema kwamba mtoto huyo huombaomba njiani. Hatukuwa tumemwuliza. Tuliona miguu mitupu, tukajijazia yaliyobaki.

Baada ya majuma kadhaa alikuja ofisini mama mmoja aliyevaa nguo zake za Jumapili. Alitoa salamu ya Tumsifu Yesu Kristo, akaketi, akafungua mkoba, akatoa gazeti letu lililokunjwa vizuri. Akasema: "Baba, huyu ni mwanangu. Alikuwa akiuza ndizi za shamba letu. Hajaomba kwa mtu tangu azaliwe. Wenzake shuleni sasa wamwita Ombaomba, naye hataki tena kwenda." Hakupandisha sauti. Laiti angalipandisha! Tulimwomba msamaha, na toleo lililofuata tukachapa masahihisho kama alivyotaka: kwamba mtoto ni mwanafunzi, na kwamba ndizi zilikuwa zao. Lakini gazeti la kwanza lilikuwa limekwisha kusambaa, na hapana shaka nakala nyingine zilikuwa zikifungia karanga sokoni. Masahihisho hayasomwi na watu wote waliosoma kosa. Jambo hilo twalibeba mpaka leo, nasi twaliandika hapa ili mwalimu wa Chumbi ajue kwamba anayemjibu si hakimu, ni mkosaji mwenzake, na tena aliyekosa zaidi.

Huenda wasomaji wengine watasema: "Padre, ukifuata shauri hili, dunia haitaona kitu. Kama watu wasingalipiga picha mafuriko ya Rufiji, nani angalijua? Nani angalipeleka unga na mablanketi?" Hoja hiyo ina nguvu, wala hatutaki kuipita pembeni. Mwalimu mwenyewe akiri katika barua yake kwamba ndugu zake walijua hali yake kutokana na picha ileile iliyomwaibisha, wakamtumia fedha. Ni kweli kabisa, picha yaweza kuwa shahidi. Lakini shahidi mwema ana masharti yake, nayo twayajua tangu zamani kutokana na amri ya nane. Husema lililo kweli. Husema kwa ajili ya kumsaidia anayeonewa, si kwa ajili ya kuchekesha baraza. Na husimama mbele ya watu na jina lake, tayari kuulizwa. Aliyempiga mwalimu picha ndani ya maji hakuwa shahidi, kwa kuwa hakumwuliza hali wala hakumpokea godoro. Angaliweza kufanya yote mawili: amsaidie kwanza, kisha aseme, "Mwalimu, nikupige picha ili watu wajue?" Nadhani mwalimu angalikubali, na picha ingalisaidia vilevile, na aibu isingalikuwapo.

Wengine watasema: "Mbona watu wenyewe hupenda kupigwa picha? Watoto hukimbia kando ya reli wakipunga mikono!" Naam, wengi hupenda, na furaha yao ni ruhusa tosha kwa msafiri anayewapungia naye. Hatusemi kila picha yahitaji hati yenye muhuri. Stesheni iliyojaa watu, umati wa wauzaji na abiria, ni mambo ya hadharani, na kila mtu atokaye nyumbani ajua kwamba ataonekana. Twasema juu ya uso mmoja, uliotengwa na umati, uliochaguliwa kwa sababu ya uzuri wake au ya dhiki yake. Huyo aliyechaguliwa yampasa aambiwe kwamba amechaguliwa. Wala si lazima kusema maneno mengi. Kuinua kamera kidogo, kumtazama, na kungoja aitikie kwa kichwa, kwatosha. Na gari likiondoka kabla hajaitikia? Basi picha hiyo haikuwa yako. Msafiri huona mengi yaliyo mazuri asiyoweza kuyachukua. Hupita mashamba ya watu yaliyojaa mahindi, wala hashuki kuvuna.

Na wale watakaouliza sheria yasemaje, twawajibu kwamba Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika mwaka 2023. Ni jambo jema. Lakini bibi wa stesheni hatakwenda mahakamani. Ndiyo maana jambo lake lakabidhiwa dhamiri zetu. Mnyonge asiyeweza kudai ndiye ambaye haki yake yatupasa kuilinda zaidi.

Sasa twamjibu mwalimu swali lake la mwisho: nifanyeje?

Mwizi akitubu hurudisha alichokiiba. Uso haurudishwi kama mbuzi, lakini upo urudishaji wake. Ifute picha hiyo. Twajua ni nzuri kuliko zote mia tatu. Ndiyo maana kuifuta kutakuwa na maana. Kufuta picha mbaya si toba. Kisha waambie wanafunzi wako kwa nini haipo tena. Mtoto yule aliyeuliza jina la bibi aliuliza swali bora kuliko yote yaliyoulizwa darasani siku ile, naye astahili kujibiwa: kwamba mwalimu hakuliuliza, na kwamba hilo ndilo lililokuwa kosa. Watoto hao walikuona ndani ya maji mwezi wa Aprili, na wengi wao walikuwa majini pamoja nawe. Wataelewa upesi kuliko watu wazima wa mjini. Somo hilo litawafaa maisha yao yote, na hakuna picha ya reli itakayowafundisha zaidi.

Halafu, Mungu akikujalia kupita tena njia ile, na gari likisimama, mtafute bibi chini ya mti wake. Msalimu kama bibi asalimiwavyo, kwa shikamoo. Nunua ndizi. Mwulize jina lake, umpe lako. Mweleze kwamba una watoto huko Chumbi wanaouliza habari zake. Akikubali kupigwa picha, ipige, na ukaitoe kwenye karatasi umletee nakala yake, maana wengi wamepigwa picha mara nyingi wala hawajapata kujiona. Akikataa, umepata ndizi na umepata bibi, na safari yako haikuwa bure. Ikiwa hutamkuta, hapo utakuwa na deni la kumwombea tu, nalo si dogo.

Nasi Wakatoliki tuna sababu moja zaidi ya kuliangalia jambo hili. Tuna vituo vyetu, kumi na vinne kwa hesabu, ambavyo hupita ukutani mwa makanisa yetu, na kila Ijumaa ya Kwaresima twavipitia tukipiga magoti. Katika kituo cha sita tunaona mwanamke mmoja katika umati. Barabarani pale walikuwapo watazamaji wengi, maana mtu anayeteswa hadharani hakosi watazamaji. Yeye peke yake alitoka katika umati, akakaribia, akampangusa Bwana uso kwa kitambaa chake. Mapokeo yasema kwamba kitambaa kile kilibaki na sura ya Bwana. Tafadhali tazameni mpangilio wa mambo. Veronika hakwenda kutafuta sura. Alikwenda kufuta jasho na damu, na sura ikawa zawadi aliyopewa. Nyuso za watu ndivyo zilivyo hata leo: hutolewa kwa hiari, na aghalabu hupewa yule aliyekaribia.

Ijumaa ijayo tukisimama mbele ya kituo hicho, tumkumbuke bibi wa ndizi, ambaye jina lake bado hatulijui. Na mwalimu wa Chumbi atuombee sisi tulioandika, kwa maana mtoto yule wa stesheni sasa ni kijana, na hatujui kama wenzake waliacha kumwita jina lile.